Prosesa na bodi mama: kuchagua jozi ya kompyuta isiyokusumbua

Anayejiundia kompyuta nyumbani kwa kawaida huanza na prosesa. Husoma vipimo vya kasi wiki nzima, hulinganisha viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) na gigahetsi, na akishaamua, bodi mama huichagua kwa fedha zilizobaki. Kwa anayetafuta mashine ya kushindana kwa kasi, utaratibu huo una mantiki yake. Kwa anayetaka kompyuta ya kuwasha kila siku kwa miaka mingi bila wasiwasi, ni utaratibu wa kuanzia mwisho.

Prosesa haifi kirahisi. Ikiendeshwa ndani ya volti na joto lililowekwa na mtengenezaji, mara nyingi huishi muda mrefu kuliko bodi iliyoibeba na kuliko pawa saplai iliyoilisha. Matatizo yanayowachosha wenye kompyuta ni ya aina nyingine: mashine inayoganda mara moja kwa wiki bila sababu ya wazi, inayojiwasha upya katikati ya kazi, inayokataa kuamka baada ya kulazwa, au faili lililohifadhiwa vizuri jana ambalo leo halifunguki. Mengi ya hayo huzaliwa pale prosesa, bodi na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zinapokutana: katika umeme unaopitishwa, katika kasi ya mawasiliano iliyochaguliwa, na katika BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya bodi, inayosimamia yote hayo. Ndiyo maana nashikilia kwamba prosesa na bodi ni uamuzi mmoja, na kwamba ndani ya uamuzi huo bodi inastahili muda mwingi kuliko inaopewa.

Kinachozifunga pamoja

Kifungo cha kwanza ni soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 ilibeba prosesa za Ryzen kuanzia mwaka 2017, na AM5 ikaingia Septemba 2022. Kwa upande wa Intel, LGA1700 ilianza mwishoni mwa 2021 na kubeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 ikaja LGA1851 pamoja na prosesa za Core Ultra 200S. Prosesa ya soketi moja haiingii kwenye nyingine, na hakuna kifaa cha kuunganisha hizo mbili.

Kifungo cha pili ni RAM, ambayo vizazi vyake vinavyohusika hapa ni DDR4 na DDR5. AM5 na LGA1851 hutumia DDR5 tu, AM4 hutumia DDR4 tu. LGA1700 ndiyo yenye mtego: prosesa zake zinakubali zote mbili, lakini bodi moja kwa kawaida hutengenezwa kwa aina moja. Bodi mbili zenye majina yanayokaribia kufanana kabisa zinaweza kutofautiana kwa herufi chache tu, D4 au DDR4 mwishoni, na ukikosea huna la kufanya ila kuirudisha, maana mkato wa kwenye RAM umewekwa mahali tofauti na hautaingia hata ukisukuma.

Kifungo cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni BIOS. Soketi ikilingana bado haitoshi. Bodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa kutoka haiwezi kuitambua mpaka BIOS yake isasishwe. Bodi za AM4 zenye chipseti (chipu saidizi ya bodi) ya B450, zilizotoka mwaka 2018, zilihitaji BIOS mpya ili kuwasha Ryzen 5000 za mwaka 2020. Baadhi ya bodi za soketi hiyo zilikuwa na chipu ya BIOS ndogo kiasi kwamba ili prosesa mpya ziingie, baadhi ya zile za zamani ziliondolewa kwenye orodha. Hali ni hiyo hiyo kwa bodi ya Intel ya B660 iliyokaa ghalani muda mrefu ukiitaka ibebe prosesa ya kizazi cha 14. Unaunganisha kila kitu, feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi, na hakuna kilichoharibika.

Kwa sababu hiyo natafuta bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kila mtengenezaji anakipa jina lake, lakini kazi ni moja: unaweka faili la BIOS kwenye flashi, unaichomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, unaunganisha pawa saplai, unabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kumetameta. Kitufe hicho kina faida ya pili. BIOS ikiharibika kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kusasisha, ndicho kitakachoifufua bodi ambayo vinginevyo ingehitaji fundi.

Volti ndiyo mzizi

Ukitaka kuelewa kwa nini kompyuta mbili zenye prosesa moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, tazama umeme. Kisa kinachofundisha kuliko vyote katika miaka ya karibuni ni cha prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14. Wenye mashine hizo, hasa za i9 na i7, walianza kuona michezo ikijifunga yenyewe na programu zinazofungua mafaili yaliyobanwa zikidai kwamba data imeharibika. Baadhi ya michezo ilitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imeisha. Watu wakabadilisha kadi za michoro, wakabadilisha RAM, wakasakinisha upya mfumo endeshi. Kosa lilikuwa kwenye prosesa.

Mwaka 2024 Intel ilieleza kilichotokea. Saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya viini ilikuwa inazeeka kabla ya wakati wake kwa sababu ya volti na joto la juu, na uchakavu huo ukishaingia haurudi nyuma. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Kuna bodi zilizotoka kiwandani na mipangilio ya umeme inayozidi mapendekezo ya Intel. Pia maikrokodi, yaani maagizo ya ndani yanayoiongoza prosesa, ilikuwa ikiomba volti kubwa kuliko iliyohitajika, hata mashine ikiwa karibu haifanyi kazi yoyote. Dawa ilikuja kwa njia ya BIOS: maikrokodi 0x129 ya Agosti 2024, kisha 0x12B mwezi uliofuata. Waranti ya prosesa hizo iliongezwa miaka miwili.

Zingatia njia iliyotumiwa. Dawa ya prosesa ilipitia kwenye bodi. Mtu ambaye bodi yake ilikuwa na mtengenezaji anayetoa BIOS mpya kwa wakati aliipata ndani ya wiki chache. Ambaye bodi yake iliachwa bila kuangaliwa alibaki akiitumia prosesa iliyokuwa inajimaliza polepole. Na yule ambaye hajawahi kusasisha BIOS kwa sababu aliambiwa kwamba mashine inayofanya kazi haiguswi, huenda hadi leo anashangaa kwa nini kompyuta yake imeanza kuganda.

AMD nayo ilikuwa na kisa chake. Aprili 2023 zilionekana picha za prosesa za Ryzen 7000X3D zilizoungua pamoja na soketi zake. Mtumiaji alipowasha EXPO, ile mipangilio ya kuongeza kasi ya RAM, baadhi ya bodi zilipandisha mno volti inayolisha sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu. AMD ikatoa BIOS mpya zinazozuia volti hiyo isivuke 1.3. Hapa pia prosesa haikujiunguza yenyewe; ililishwa na bodi zaidi ya ilichoweza kubeba.

Kwa nini watengenezaji wa bodi hufanya hivyo? Kwa sababu bodi zao hupimwa na kulinganishwa, na anayeongoza kwa asilimia mbili ndiye anayesifiwa. Njia rahisi ya kupata asilimia mbili ni kuondoa vizuizi. Prosesa kama Core i9-13900K imewekewa na Intel kikomo cha wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zote, lakini zilikuwepo bodi zilizoweka 4096 mahali pa namba hiyo, yaani hakuna kikomo. Mnunuzi hakugusa chochote. Aliiwasha tu.

Hivyo kitu cha kwanza ninachoangalia katika bodi kwa ajili ya mashine ya kutegemewa ni kama BIOS yake ina mipangilio ya kufuata viwango vya mtengenezaji wa prosesa, na kama mipangilio hiyo inafikika bila kutafuta kwenye kurasa kumi. Kijitabu cha bodi hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua. Kipakue, ukisome. Ni nusu saa itakayokueleza mambo ambayo picha za tangazo hazisemi.

Wati, na kwa nini daraja la kati ni zuri

Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kulingana na kasi ya saa, na hupanda kwa mraba wa volti. Volti ikishuka kwa asilimia 10, matumizi ya umeme kwa kasi ile ile hushuka kwa takriban asilimia 19. Na kwa kuwa kasi ya mwisho kabisa ya prosesa huhitaji volti ya juu isivyo kawaida, ile hatua ndogo ya mwisho ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko hatua zote zilizotangulia.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Ryzen 9 7950X imeandikwa wati 170 lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 230. Ryzen 7 7700 imeandikwa 65 na inaruhusiwa 88. Namba inayoandikwa kwenye sanduku si kikomo cha umeme utakaovutwa, hilo lieleweke kabla ya kununua kipoozeo na pawa saplai. Lakini tofauti ya wati kati ya prosesa hizo mbili, kwa kazi za kawaida za mtu mmoja kama kuandika, kuvinjari, kupanga picha, kuandika programu au hata michezo mingi, haiji na tofauti ya kasi inayolingana nayo. Inakuja na joto, feni inayopiga kelele, na bodi inayolazimika kuwa nzito zaidi.

Ushauri wangu ni kuchagua prosesa ya daraja la kati, yenye viini sita au vinane, kutoka familia ya wati 65. Anayehariri video kwa saa nyingi au anayegeuza msimbo wa programu kubwa kuwa programu kamili ana sababu halali ya kutaka viini 12 au 16, na viini hivyo vitamrudishia muda wake kila siku. Hata yeye anaweza kuviendesha kwa utulivu: BIOS za AMD zina hali ya kubana matumizi inayoishusha prosesa kubwa hadi kikomo cha ile ndogo, na kwa Intel unaandika mwenyewe kikomo cha wati. Prosesa yenye viini vingi inayoendeshwa kwa umeme mdogo hufanya kazi nyingi kwa kila wati kuliko ndogo inayokamuliwa.

Prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni zimefunguliwa ili mtu aweze kuongeza kasi kupita ile ya kiwandani. Kwa mashine ya kutegemewa ruhusa hiyo haina faida, na hivyo hata chipseti za Z ambazo huiwezesha hazina ulazima.

Kuna jambo dogo ambalo nalipa uzito mkubwa: prosesa iwe na uwezo wa michoro ndani yake. Intel huweka herufi F kwenye zile zisizo nao. Prosesa nyingi za AM5 zinao kidogo, wa kutosha kuwasha skrini, isipokuwa zile zenye F. Katika AM4 ni zile za G tu kwa kawaida. Hata kama utanunua kadi ya michoro, siku kadi hiyo itakapokufa au utakaposhuku kwamba imekufa, utaichomoa, utahamisha kebo ya skrini kwenye bodi, na utajua ukweli ndani ya dakika tano. Mwenye prosesa ya F atalazimika kuazima kadi ya mtu.

Ndani ya bodi

Pawa saplai huleta volti 12. Prosesa inataka karibu volti 1.2. Kazi ya kushusha volti hiyo hufanywa na sehemu inayozunguka soketi, ambayo waundaji wa kompyuta huiita VRM. Fikiria maana yake kwa namba: prosesa inayotumia wati 120 kwa volti 1.2 inavuta ampea 100. Ampea 100 zinapita katika eneo lisilozidi kiganja, na volti hiyo inatakiwa isiyumbe hata prosesa inaporuka kutoka usingizini hadi kazi nzito ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kama ufanisi wa sehemu hiyo ni asilimia 90, wati 13 hivi zinageuka joto papo hapo kwenye bodi. VRM dhaifu ikichemka hupunguza umeme, prosesa inapunguza kasi, nawe unaona kompyuta imekuwa nzito bila kujua ni kwa nini. Ikiendelea kuchemka kwa miaka, vilivyo jirani nayo vinachakaa.

Walioumia zaidi kihistoria ni kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi na kutuliza umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita zenye kimiminika kibovu ndani. Zilivimba juu, zikapasuka na kuvuja. Tangu wakati huo watengenezaji wamehamia kwenye kapasita ngumu zisizo na kimiminika kuzunguka prosesa, na hilo limeongeza sana maisha ya bodi. Bado joto ni adui yao. Kanuni ya wahandisi kwa kapasita za kimiminika ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10, maisha yao huwa takriban maradufu, na zile ngumu nazo huishi muda mrefu zaidi kwenye ubaridi.

Hesabu za fezi (vitengo vya VRM vinavyogawana kazi) zinazotangazwa, kwamba bodi hii ina 14 na ile ina 8, zisikupumbaze. Namba peke yake haisemi kila fezi ina uwezo wa ampea ngapi, wala kama fezi mbili hazikuunganishwa kwenye mawimbi yale yale zikahesabiwa mbili. Kinachoonekana kwa macho kinasaidia zaidi: je, VRM imefunikwa na kipande kizito cha alumini chenye mapezi, au imeachwa uchi? Bodi za bei ya chini kabisa, zile zenye chipseti kama H610 au A620, mara nyingi huiacha uchi. Zinaweza kubeba prosesa ya wati 65 vizuri kabisa. Zinachukiza pale mtu anapozipandisha i9 kwa sababu tu soketi inakubali.

Kati ya chipseti, zile za katikati ndizo ninazozipendekeza kwa karibu kila mtu: B650 au B850 kwa AM5, B760 au B860 kwa Intel. Chipseti huamua idadi ya matundu ya USB, diski na njia za PCIe (zinazobeba data ya kadi na diski za kasi), na si kasi ya prosesa. X670, X870E au Z790 zina faida kwa mwenye diski nyingi na kadi nyingi. Kwa wengine, kila chipu ya ziada ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kushindwa. Bodi nyingi za X570 za mwaka 2019 ziliwekewa kifeni kidogo juu ya chipseti, na kifeni kidogo kinachozunguka kwa kasi ndicho kitu cha kwanza kuanza kulia baada ya vumbi la miaka michache. Nikipewa nafasi ya kuchagua, huchagua bodi isiyo na feni yoyote juu yake.

Kijitabu kitakuonyesha pia matundu yanayogawana njia. Katika bodi nyingi, ukichomeka SSD kwenye tundu fulani la M.2, matundu mawili ya SATA (ya diski za kebo) huzimika, au sloti ya pili ya PCIe hupungua kasi. Hilo halimaanishi bodi ni mbovu. Njia za data ni chache na lazima zigawanywe. Lakini anayepanga diski nne na kugundua siku ya kuunganisha kwamba mbili hazionekani, atatafuta ubovu usiokuwepo.

Usidharau taa nne ndogo za uchunguzi zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kompyuta isipowaka, taa inayobaki imewaka inakuelekeza pa kuanzia. Ukubwa wa bodi haubadilishi ubora wake: ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX 244 kwa 244, mini-ITX 170 kwa 170. MicroATX inatosha kwa watu wengi. Mini-ITX ni nzuri kwa macho lakini joto lake linahitaji uangalifu.

RAM inayotenganisha imara na isiyo imara

Nikiambiwa kompyuta inaganda ovyo, nitashuku RAM kabla ya kitu kingine, na hasa mipangilio yake. XMP ya Intel na EXPO ya AMD huiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye sanduku, lakini kasi hiyo kwa kawaida iko juu ya ile ambayo mtengenezaji wa prosesa ameihakikisha. Ryzen 7000 zimehakikishiwa DDR5-5200 kwa RAM mbili. Ukiweka nne, kiwango kilichohakikishwa kinashuka hadi 3600. Sanduku linasema 6000, mashine inakubali kuwaka, na mtu anadhani mambo yamekwisha.

Kwa hiyo nunua RAM mbili, za ujazo utakaokutosha kwa miaka, zilizouzwa pamoja katika pakiti moja. Usinunue mbili leo kwa nia ya kuongeza mbili mwakani. Hata zikiwa na jina lile lile, chipu za ndani zinaweza kuwa zimebadilishwa. Tazama kama zimo kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa, ambayo kila mtengenezaji huitoa kwa kila bodi.

Kwa anayehifadhi kazi asizoweza kuzipoteza kuna ECC, RAM inayogundua na kurekebisha biti iliyogeuka. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilipata makosa katika mwaka mmoja, kiasi kikubwa kuliko kilichokuwa kikidhaniwa. Prosesa nyingi za Ryzen zinakubali ECC ikiwa bodi nayo imewekwa tayari, na bodi zinazosema hivyo waziwazi kwenye kijitabu zipo. Kwa Intel za LGA1700 unahitaji chipseti ya W680. DDR5 ya kawaida ina marekebisho fulani ndani ya chipu zake, lakini hayalindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa, kwa hiyo yasichukuliwe kuwa ECC kamili. Natamani ECC ingekuwa jambo la kawaida kwa kila kompyuta ya nyumbani. Picha za familia zina thamani sawa na hesabu za kampuni.

Mpya sana au iliyokomaa

Prosesa na bodi zilizotoka mwezi huu zina BIOS changa. Januari 2011, majuma machache baada ya kuzindua prosesa za kizazi cha pili cha Core, Intel ilitangaza kasoro kwenye chipseti za mfululizo wa 6: baadhi ya matundu ya SATA yangedhoofika kadiri muda unavyopita. Bodi zilirudishwa na kubadilishwa. Waliosubiri miezi michache hawakupata usumbufu wowote.

Mimi hupenda jukwaa, yaani soketi na chipseti zake, lililokaa sokoni karibu mwaka mzima, ambalo ukurasa wake wa BIOS unaonyesha matoleo kadhaa yaliyorekebisha kasoro na ambalo bado lina miaka mbele yake. AMD imesema itaendelea na AM5 hadi 2027 na kuendelea, jambo linalompa mwenye bodi nzuri nafasi ya kubadilisha prosesa tu baadaye. LGA1700 imefika mwisho wa safari yake, lakini prosesa za kizazi cha 12, ambazo hazikuguswa na tatizo la volti nililoeleza, bado ni chaguo la heshima. Kuhusu za kizazi cha 13 na 14 zilizokwisha kutumika, sizipendekezi, hasa i7 na i9: huwezi kujua ziliishi miezi mingapi kwa volti ya juu kabla ya BIOS mpya. Kwenye vifaa vya zamani zaidi kumbuka pia kwamba Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta) na prosesa za kuanzia kizazi cha 8 cha Intel au Ryzen 2000, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Anayetumia Linux hafungwi na masharti hayo.

Kabla ya kuiamini

Kwenye AM5 na soketi zote za sasa za Intel, pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama nywele. Shusha prosesa wima, usiiburute, usiguse chini. Ikishawaka, sasisha BIOS kwanza, halafu weka vikomo vya umeme vya mtengenezaji, kisha iache RAM kwenye kasi yake ya kawaida mpaka utakapomaliza majaribio.

Endesha Memtest86+, programu ya kujaribu RAM, usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. RAM isiyo na hitilafu haina hata moja. Baada ya hapo ipe prosesa mzigo mzito kwa saa kadhaa kwa programu kama Prime95, ukitazama joto, halafu iache ikae bila kazi, ilale na kuamka mara nyingi, kwa sababu mashine nyingi hushindwa zikiwa zimepumzika. Kwenye Windows fungua kumbukumbu za matukio utafute maandishi ya WHEA. Hayo ni makosa ya vifaa ambayo prosesa imeyagundua na pengine kuyarekebisha kimya kimya, na kwenye mashine isiyo na hitilafu hayatakiwi kuwepo. Yote yakipita, ndipo uwashe EXPO au XMP ukitaka, na kurudia jaribio la RAM tangu mwanzo.

Likionekana kosa, zima EXPO au XMP kama umeiwasha. Likibaki, jaribu RAM moja moja katika sloti ile ile: kosa likiifuata RAM, RAM ndiyo mbovu, likibaki bila kujali RAM ipi, shuku sloti, soketi au prosesa, fungua tena na ukague pini kwa tochi na kioo cha kukuzia. Fanya haya ndani ya muda ambao muuzaji anaruhusu kurudisha, na usikitupe kile kifuniko cha plastiki kilichokuja juu ya soketi, maana wapo watengenezaji wanaokataa bodi ya waranti ikirudishwa bila kifuniko hicho.